Kama haliumi, tusingoje liume

Katika namba iliyopita tuliongea juu ya minervale ya watoto wa sekondari. Leo tunaongea juu ya mwili wa mama mwenyewe, kwa sababu mama akilala kitandani miezi sita, hata hiyo minervale hailipwi.

Neno la leo ni kansere ya titi. Wengi wetu hapa Bukavu tunasema ziwa, na wengine tunaona haya hata kulitaja. Tulitaje tu. Ugonjwa usiotajwa hautibiwi.

Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaloita OMS, linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2,3 duniani walipatikana na kansere hii, na watu 670.000 ilikufa nayo. Wengi wetu tunafikiri ni ugonjwa wa wazungu. Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofanya na watoto wa darasa la sita. Katika nchi tajiri sana, mwanamke 1 kati ya 12 atapatikana na kansere ya titi katika maisha yake, na 1 kati ya 71 atakufa nayo. Katika nchi maskini, ni 1 kati ya 27 anayepatikana nayo, lakini 1 kati ya 48 anakufa nayo. Maana yake nini? Kule, kati ya wagonjwa 6 anakufa karibu 1. Huku kwetu, zaidi ya nusu yao wanakufa. Sisi tunaugua kidogo kuliko wao, lakini tunakufa zaidi.

Sababu ya kwanza ni kuchelewa, na kuchelewa huko tunakujua vizuri. Donge la kansere mara nyingi haliumi pale mwanzo. Mama analigusa akioga, anasema: haliumi, si kitu. Analima, anapika, anaenda soko la Kadutu, anarudi. Donge linakua. Akinyonyesha, tunamwambia ni maziwa yameganda. Kisha jirani anasema amelogwa, na miezi inapita kwa dawa za miti na vyumba vya maombi. Siku titi linapopasuka na kutoa harufu, ndipo tunatafuta pesa za hospitali. Kuomba Mungu ni kuzuri, nasi tunaomba. Lakini hakuna sala inayokatazwa kusaliwa ukiwa kwenye laini ya kituo cha afya.

Kuna pia mambo tunayoambiana ambayo si kweli. Kuweka pesa ao telefone ndani ya sutie hakuleti kansere. Kansere haiambukizi; unaweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye. Na usiseme "kwetu hakuna aliyeugua hiyo": wengi wanaoipata hawana mtu wa jamaa aliyewahi kuwa nayo. Umri ndio unaongeza hatari zaidi, lakini hata mama wa miaka 30 anaweza kuipata. Pombe inaongeza hatari, na kasiksi ni pombe kama ingine. Kunyonyesha kunapunguza hatari, ila hakuifuti kabisa.

Sasa alama za kuangalia. Donge ao sehemu ngumu ndani ya titi ao kwapani. Titi moja kubadilika umbo ao ukubwa. Ngozi kuvutwa ndani, ao kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani. Damu ao maji kutoka kwenye chuchu wakati haunyonyeshi. Kidonda ao upele kwenye chuchu usiopona. Na kwa mama anayenyonyesha: titi lililovimba, likapewa dawa, na baada ya majuma mawili bado liko vilevile, rudi kwa muganga, usiendelee kukanda na maji ya moto.

Tusiogopeshane pia. Madonge mengi si kansere. Lakini kwa macho na vidole hakuna anayeweza kuyatofautisha, hata mama mkwe mwenye hekima. Yanatofautishwa na ekografi, na zaidi kwa kutoa kipande kidogo cha nyama ya donge na kukipima.

Wengine watauliza: bila mamografi, tufanye nini? Huko Mumbai, India, walifuata wanawake zaidi ya 150.000 kwa miaka 20. Nusu yao walikuwa wanapimwa matiti kwa mikono tu, na wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa wenye miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa wadogo zaidi vifo havikupungua, lakini hata kwao ugonjwa ulipatikana mapema zaidi. Huko Shanghai, China, walifundisha wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo kujigusa wenyewe, na hilo peke yake halikupunguza vifo. Tunajifunza nini? Kujua matiti yako ni kuzuri, lakini kinachookoa ni mkono uliofundishwa, na matibabu yanayofuata. OMS inataka tangu siku mgonjwa anapofika kwa muganga hadi kujua ugonjwa wake zisipite siku 60.

Tunajua jibu lenu: pesa. Ni kweli, na hatutadanganya kwamba ni kidogo. Lakini donge dogo linatibiwa kwa pesa kidogo kuliko kidonda kikubwa, na mara nyingi bila kuondoa titi lote. Katika AVEC zetu tuko na sanduku la musaada, ambalo linafunguliwa kwa kilio na kwa kuzaa. Tunaomba kila kikundi kijadili, kwenye mkutano ujao, kama sanduku hilo linaweza pia kulipa kipimo cha kwanza cha mama aliyeona alama. Tunachanga kwa ajili ya sanduku la maiti. Tuchange pia mapema, mama akiwa bado anatembea.

Na ninyi wababa mnaosoma gazeti hili baada ya mama kulitua mezani: usimwambie bibi yako kwamba akikatwa titi si mwanamke tena. Neno hilo limeficha madonge mengi chini ya kitenge. Nanyi pia mnaweza kuugua, ijapokuwa ni mara chache: hata mgonjwa 1 kati ya 100 hafiki kuwa mwanaume.

Kazi ya nyumbani ya juma hili: kila mama ajiangalie kwenye kioo, siku chache baada ya damu ya mwezi kuisha. Akiona alama moja, asiende peke yake. Ashike mwenzake mkono, waende wote wawili kituo cha afya, na huyo mwenzake abaki naye mpaka jibu litoke.

Tukutane juma lijalo, wote tukiwa wazima.