Cheti cha Linux bila ukaguzi wa programu dhibiti ni nusu ya kazi

WAKATI kampuni kubwa za kompyuta zikizidi kutangaza kuwa kompyuta zao za mpakato zimethibitishwa kufanya kazi na mfumo wa Linux, swali moja limebaki nyuma: je, cheti hicho kitakuwa na maana gani siku mnunuzi atakapopokea toleo jipya la programu dhibiti?

Programu dhibiti ni ile iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama, ambayo huiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi kuanza. Ikiharibika, kompyuta yaweza isiwake kabisa, na kufuta diski hakusaidii kitu.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Desemba 2017, kampuni ya Canonical ililazimika kusitisha upakuaji wa Ubuntu 17.10, baada ya kubainika kuwa kiendeshi kimoja ndani yake kilivuruga chipu ya BIOS katika baadhi ya kompyuta za Lenovo na za kampuni nyingine. Wamiliki walishindwa kuhifadhi mabadiliko ya BIOS, na wengine kuwasha mashine kwa diski ya USB. Toleo lililorekebishwa lilitoka Januari 2018.

Kwa miaka mingi masahihisho ya BIOS yaliandaliwa zaidi kwa watumiaji wa Windows. Hali ilianza kubadilika mwaka 2015, Richard Hughes wa Red Hat alipoanzisha LVFS, ghala ambamo watengenezaji huweka masahihisho, nayo programu ya fwupd huyafikisha kwenye mashine. Lenovo ilijiunga mwaka 2018.

Katika utaratibu huo, fwupd huhakiki sahihi ya kielektroniki ya faili, na kwa kawaida mashine yenyewe huhakiki sahihi ya mtengenezaji kabla ya kuandika chochote. Baada ya kuwaka upya, namba ya toleo hulinganishwa na ile iliyotarajiwa.

Hata hivyo, sahihi huthibitisha faili imetoka kwa nani. Haithibitishi kuwa kazi iliyomo ni njema. Maabara inayoishia kwenye namba ya toleo imethibitisha kuwa mzigo umefika, basi. Haijajua kama kompyuta bado inalala na kuamka, kama feni inatii, au kama intaneti isiyo na waya inashika. Majaribio hayo hayana budi kurudiwa kwa kila toleo, na hapo ndipo gharama inapopanda.

Kukwepa masahihisho nako si kinga. Kasoro ya BootHole, iliyotangazwa Julai 2020, ililazimu kusasishwa kwa orodha ya programu zilizopigwa marufuku kuiwasha mashine. Aidha, vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinavyolinda uwashaji viliwekewa ukomo kuanzia Juni 2026.

Kwa mantiki hiyo, cheti chenye uzito ni kile kinachotaja toleo la programu dhibiti lililojaribiwa, na kinachorudiwa toleo linapobadilika. Mnunuzi, hasa taasisi inayoagiza mamia ya mashine kwa mkupuo, ana haki ya kuuliza yote mawili kabla ya kulipa.