Sikio la Verona

Kuna mambo mawili ambayo Mtaliana hayafanyii mzaha: opera na mpira. Opera, kwa msomaji asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, na mbele ya waimbaji hupangwa wapigaji ala wengi kushinda taarabu yoyote uliyowahi kuhudhuria. Mji wa Verona, kaskazini ya Italia, una vyote viwili, nami nilipopita huko mwisho wa Agosti nilivihudhuria katika juma moja.

Opera huimbwa Arena, jengo la mawe lililojengwa na Warumi kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 1913 iliimbwa humo Aida, kuadhimisha miaka mia tangu kuzaliwa kwa mtungaji wake, Giuseppe Verdi, na tangu hapo kazi hiyo ndiyo sahani kuu ya Verona. Nilisali Magharibi chumbani, nikaenda kuketi juu ya ngazi za mawe pamoja na maelfu ya watu. (Mwenye kwenda achukue mto wa kukalia, mawe yale hayana huruma.) Kando yangu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akifuatisha kila neno kwa midomo bila kutoa sauti. Mwimbaji alipopanda juu na koo likamtetereka kidogo, kidogo mno hata mimi sikutambua, mzee alifumba macho kama aliyechomwa mwiba.

Hao ndio wasikilizaji wa Italia. Hawatunzi fedha kama sisi. Wao hutunza kwa makofi na huadhibu kwa miluzi. Huko Milano, katika jumba la La Scala, mwimbaji mashuhuri Roberto Alagna alizomewa mwezi wa Disemba 2006 akiimba hiyo hiyo Aida, akaondoka jukwaani, na mwingine akasukumwa kuchukua nafasi yake akiwa na nguo zake za kawaida. Mimi sioni dhuluma hapo. Aliyepanda jukwaani ameleta sauti yake ipimwe, kama vile malenga anavyoleta vina vyake.

Siku chache baadaye nikaenda uwanja wa Bentegodi kuitazama Hellas Verona, timu iliyowahi kuwa bingwa wa Italia mwaka 1985. Sikio ni lile lile. Pasi ikienda kombo, uwanja mzima unaguna kwa pumzi moja.

Lakini ni katika uwanja huo huo, tarehe 3 Novemba 2019, ambapo sikio hilo lilipotea. Mario Balotelli, aliyezaliwa Palermo na wazazi wa Ghana, alikuwa akiichezea Brescia. Akasikia kutoka jukwaani sauti za kuigiza nyani. Aliupiga mpira kwa hasira ukaenda kwa watazamaji, akataka kutoka, wachezaji wa timu zote mbili wakamsihi abaki. Akabaki, na akafunga bao, ingawa Verona ilishinda 2-1. Baadaye kiongozi mmoja wa mashabiki alisema redioni kwamba Balotelli hawezi kuwa Mtaliana kamili, na klabu ikampiga marufuku uwanjani hadi 2030.

Wako watakaosema huo ni uhuni wa wapenda mpira, na kwamba waungwana wa Arena si hao. Basi tuitazame hiyo Aida. Ni kisa cha binti mfalme wa Uhabeshi aliye mtumwa Misri, na kiliimbwa mara ya kwanza Kairo mwaka 1871, kwa agizo la Khedive Ismail. Mwaka 2022 waimbaji weupe wa Arena walikuwa bado wakipakwa rangi nyeusi ili wafanane na Wahabeshi. Angel Blue, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyekuwa aimbe opera nyingine hapo hapo, alijitoa kwa ajili hiyo. Wakubwa wa Arena walijibu kwamba kila nchi ina mizizi yake.

Mwezi wa Disemba 2023 UNESCO iliingiza uimbaji wa opera wa Italia katika orodha ya turathi za wanadamu. Haikutimia hata miezi miwili, Januari 2024, Mike Maignan, kipa wa Milan, alitoka uwanjani huko Udine kwa matusi yale yale, wenzake wakamfuata.

Mluzi unaopima koo ni elimu. Unaopima ngozi hauna cha kupima, maana ngozi haikosei noti. Na jambo hili haliishii viwanjani. Balotelli mwenyewe hakupata uraia mpaka alipotimiza miaka 18, mwaka 2008. Mwezi wa Juni 2025 Wataliana waliitwa kupiga kura, ili mgeni aweze kuomba uraia baada ya kukaa miaka mitano badala ya kumi, jambo ambalo lingewafikia na watoto wake. Ilitakiwa zaidi ya nusu ya wapiga kura wajitokeze; wakaenda kiasi cha asilimia 30. Ile miaka kumi ikabaki pale pale.