Maumivu Yasiyoitwa Ajali

Ajali, katika fikra za wengi wetu, ni tukio la ghafla: gari limepinduka, mashine imekata kidole, damu imemwagika. Lakini yapo majeraha yasiyo na kishindo wala damu. Tuchukue mfano wa duka la rejareja katika kituo kidogo kama Gotu, kwenye barabara itokayo Isiolo kwenda Merti. Muuzaji huinama kuchota sukari guniani, hujinyoosha kufikia rafu ya juu, hunyanyua gunia la kilo 50, kisha husimama kutwa. Hakuna tendo hata moja kati ya hayo linaloitwa hatari. Hata hivyo, kila anyanyuapo mzigo mgongo ukiwa umepinda na mikono imeuweka mbali na kiwiliwili, pingili za chini za uti wa mgongo huelemewa na nguvu inayozidi uzito wa mzigo wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba; maumivu nayo hujaa vivyo hivyo.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzito wake unaelekea kumdhuru. Ile ya mafao ya majeraha kazini, ya mwaka uo huo, inataka mwajiri apewe taarifa ya ajali, kwa maandishi au kwa mdomo. Je, muuzaji atatoa taarifa gani ilhali hawezi kutaja siku aliyoumia? Atasema mgongo unamuuma, naye ataambiwa ni uzee au uvivu.

Hapa ndipo wapenzi wa Kiswahili tunapohusika. Sheria hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Napendekeza istilahi "jeraha la mlimbikizo", itakayomwezesha muuzaji kueleza kwamba ameumizwa na kazi, si na umri.

Huenda msomaji akasema kwamba istilahi hainyanyui gunia. Ni kweli. Ni wajibu wa mwenye duka kugawa mzigo, kuweka bidhaa nzito kimo cha kiuno na kumpa muuzaji kigoda. Lakini haki isiyo na jina huombwa kama hisani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tusikubali kulia huko kuwe kwa machozi.