Mashine ya Uzio Tusiinunue kwa Macho



Fedha ya korosho imeingia, na katika mkutano ujao suala la uzio wa ng'ombe litaletwa mbele yenu lipigiwe kura. Maneno ni mengi kijijini. Wapo wanaosema twende Mtwara mjini tukanunue ile mashine ndogo ya sola iliyobeba kioo chake mgongoni, bei nafuu, tuifunge kesho yake. Wapo wanaosema ng'ombe hazuiwi na uzi, fedha hiyo bora tununulie salfa. Sisi tunaoandika ubao huu tunaunga mkono uzio. Lakini tunasema wazi: mashine ichaguliwe kwa hali ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshika, siyo kwa jinsi inavyong'aa dukani. Na kabla ya mashine yenyewe, fedha iende kwenye waya na ardhini.

Kwetu huku siyo nchi ya ng'ombe kama Shinyanga au Mwanza. Mbung'o walitunyima mifugo tangu enzi za babu zetu. Wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wakaelekezwa Lindi, ndipo watu wa kusini tukaanza kuona makundi makubwa yanapita. Msukuma anamjua ng'ombe kama sisi tunavyoujua mkorosho. Sisi kuchunga hatukuzaliwa nako. Matokeo yake tunayaona: kazi ya kuchunga wameachiwa watoto kwa zamu, na mtoto ambaye zamu yake imefika siku hiyo haonekani darasani. Msimu uliopita ng'ombe wa ushirika walishuka bondeni usiku wakala mpunga wa majirani ukiwa na mimba. Fidia imelipwa, lakini mpaka leo kuna nyumba mbili salamu zao ni za shingo upande. Tena ng'ombe akishazoea kwenda kunywa Ruvuma peke yake, ipo siku mamba atamngojea, na mtoto anayemfuata naye yuko palepale.

Basi tuieleze mashine, maana wengi wanaizungumza bila kuijua. Siyo kitu cha jana. Huko New Zealand, mkulima Bill Gallagher alitengeneza ya kwake katika miaka ya 1930. Mashine huchukua umeme mdogo wa betri, ikaukusanya, halafu ikaurusha kwenye waya kwa kishindo kimoja, kama mara moja kila sekunde. Volti zake ni nyingi, maelfu, lakini kishindo ni kifupi mno, kwa hiyo kinauma wala hakiui. Ng'ombe anagusa waya kwa pua yake yenye maji, umeme unapita mwilini mwake, unashuka kwato hadi ardhini, unarudi kwenye mashine kwa kupitia nondo zilizozikwa. Huo mzunguko usipotimia, ng'ombe hasikii kitu. Mnaweza kuwa na mashine ya bei mbaya kuliko zote, na ng'ombe akaegemea waya anacheua.

Hapo ndipo penye shauri. Ardhi yetu ya juu, kwenye mikorosho, ni mchanga. Ikifika mwezi wa nane mchanga huo umekauka kama unga, na umeme haupiti kwenye mchanga mkavu. Jua la kuchaji betri ni tele, lakini uzio umekufa. Ikifika mwezi wa pili mambo yanageuka: ardhi imelowa, umeme unarudi vizuri, lakini nyasi zimepanda zimegusa waya na kila jani linanyonya, na juu mawingu yamefunga siku tatu, nne. Kwa hiyo uzio wetu una maadui wawili wanaopokezana, kiangazi na masika. Muuza duka hawezi kuwajua. Sisi tunawajua.

Dawa ya kiangazi ni nondo za ardhini, zile mafundi wanazoziita ethi. Zisipungue tatu, za chuma kilichopakwa zinki, ziende chini mita moja na nusu au zaidi, zitengane hatua tatu tatu. Wala si lazima zikae pale ilipo mashine. Zishushwe kule bondeni ambako udongo una unyevu mwaka mzima, zivutiwe waya hadi juu. Tope la huku mlangoni mwa mto lina chumvi, na tope la chumvi linapitisha umeme kuliko udongo wowote mnaoujua. Ila hiyo chumvi hiyohiyo inakula chuma, kwa hiyo kila mwaka nondo zikaguliwe na viungio vipakwe grisi. Kwenye upande wa mchangani kabisa, uzio uwe na waya wa moto na waya wa ardhi vikifuatana, ili ng'ombe akichomoza kichwa aguse vyote viwili. Hapo hata mchanga ukikauka, shoti anaipata.

Hili jingine mafundi wetu walisikie: msiunganishe waya wa shaba wa nyumbani na waya wa zinki wa uzio. Kwa hewa hii ya bahari kiungio hicho kitaliwa upesi.

Sasa nguvu ya mashine. Maboksi huandikwa "kilomita 20", "kilomita 30", na mtu akisoma anaona ameokota dhahabu. Hizo ni kilomita za waya mmoja, safi, bila jani hata moja. Msizitazame. Tazameni jouli, nazo ziko za aina mbili: jouli zinazowekwa ndani ya mashine, na jouli zinazotoka kwenda kwenye waya. Za kutoka ndizo zetu, na siku zote ni chache kuliko za ndani. Malisho yetu ni kama ekari 20. Yangekuwa mraba, kuyazunguka ni kilomita 1 na kidogo. Kwa vile yana kona, tuseme 1 na nusu. Maoni yetu ni kwamba mashine ya kutoa jouli 1 hadi 2 inatosha, na kwa nyasi zetu za masika tuegemee 2. Ile ndogo yenye kioo mgongoni, nyingi ya aina hiyo hutoa sehemu tu ya jouli moja. Inafaa kuzungushia ndama au kigawio kidogo cha malisho. Kwa ekari 20 za nyasi za mwezi wa pili ni kama kuchota bahari kwa kata.

Tena katika hizo ndogo, betri imo ndani na kioo ni kidogo mno. Sisi tunataka vitu vitatu mbalimbali: mashine, betri na kioo, kila kimoja kiweze kubadilishwa peke yake. Hesabu yake mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mashine imeandikwa inakula ampea ngapi. Tuseme 0.1. Zidisha kwa saa 24, unapata ampea-saa 2.4 kwa siku, maana uzio haulali. Betri ya ampea-saa 20 isinywewe zaidi ya nusu isije ikafa mapema, kwa hiyo tuna 10. Gawa kwa 2.4, ni siku nne bila jua. Hilo kwa masika yetu ndilo la chini kabisa. Kioo cha wati 10, siku ya mawingu yenye jua la saa nne tu, kitarudisha karibu ampea-saa 2. Hakifiki. Cha wati 20 kitarudisha karibu 4, kinafika na chenji inabaki. Mashine ya jouli 2 ikionekana inakula zaidi ya 0.1, basi hesabu irudiwe kwa namba yake, na betri na kioo vikue kwa kadiri hiyo. Betri ya gari isitumike. Ile imetengenezwa kupiga stata, haikutengenezwa kunyonywa polepole usiku kucha.

Kioo kielekee kaskazini, kiinamishwe kidogo ili mvua ikioshe. Kisiwe karibu na mkorosho wowote, kwani kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza umeme mwingi kuliko mnavyodhani. Na tunapopuliza salfa kuanzia mwezi wa sita, vumbi lake litatua pale juu, kwa hiyo aliye zamu apite na kitambaa. Mashine na betri vikae juu, mahali mafuriko ya Ruvuma hayafiki, ndani ya sanduku lenye kufuli. Radi ikianza kunguruma mbali, waya uchomolewe kwenye mashine.

Kuna ndugu kauliza kwa nini tusitumie umeme wa TANESCO. Swali zuri. Zizi lingekuwa kando ya nguzo tungemuunga mkono, maana mashine ya umeme wa gridi ni rahisi zaidi na ina nguvu. Malisho yako mbali na nguzo, basi. Lakini kuna jambo linatutia hofu hapa. Jamani, asitokee mtu, hata awe fundi namna gani, akachukua waya wa nyumbani akauunga moja kwa moja kwenye uzio. Huo si uzio, huo ni kaburi. Umeme wa nyumbani hauji kwa kishindo, unashika na hauachii, na utaua ng'ombe, mbwa na mtoto kwa siku moja. Vilevile waya wa miiba usitiwe umeme kamwe, maana mtu akinasa hawezi kujinasua huku anapigwa. Njia ya watoto wa shule ipewe geti. Na vibao vya hatari vichorwe picha, visiandikwe maneno tu, kwa kuwa wapo wasiojua kusoma, na wanaovuka Kilambo kutoka Msumbiji wengine wanasoma Kireno.

Kuhusu nguzo, tumesikia minong'ono ya kwenda kukata mikoko. Tunapinga. Mikoko ni msitu wa hifadhi, tena tuko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, na hao kamba tunaowala wanakulia humo. Uzio wa umeme hautaki nguzo za kutisha, kwani hausimami kwa mabavu. Mijohoro inatosha, na waya usigusane na mti: vikombe vya plastiki vipatikane vya kutosha, visivyopasuka kwa jua.

Kiboko tusimhesabu. Hii tunayoisema ni mashine ya ng'ombe, na anayeuza kwa kuahidi kiboko aulizwe maswali mengi.

Ng'ombe nao wafundishwe. Watiwe kwanza siku chache katika kizizi kidogo chenye waya mmoja wa moto, waujue kwa pua. Ng'ombe asiyeujua, akiguswa shingoni, huenda akakimbilia mbele badala ya nyuma, na hapo uzio wote umelala.

Limebaki la watu. Kule Kenya, uzio wa umeme wa milima ya Aberdare, karibu kilomita 400, ulianza kujengwa mwaka 1989 ukakamilika mwaka 2009, nao una watu wa kazi hiyohiyo ya kuukagua na kufyeka. Wetu ni kilomita 1 na nusu tu. Mtu mmoja anaumaliza kabla ya chai. Lakini lazima awepo, kila siku, awe na panga na kipimo cha uzio, siyo ile mita ya fundi wa nyumba, ambayo kwa vishindo vile haisomi sawasawa. Kipimo kikionyesha chini ya volti 3,000 mwisho wa uzio, ajue kuna nyasi au kiungio kilichokatika.

Tunapendekeza mtu huyo alipwe na ushirika, na kura ya malipo yake ipigwe siku ileile ya kura ya mashine. Asiwe mtoto. Na wajumbe watakaotumwa dukani waandike kwenye karatasi: jouli za kutoka, ampea inazokula, betri ipo ndani au nje, dhamana ya muda gani, na fundi wa kuitengeneza yuko mji gani. Karatasi hiyo itabandikwa hapa ubaoni kabla fedha haijatoka.