Pete za Vita Si Chuma Chakavu

Wako watu wanaopita mitaani hapa Katonga, na kule Ujiji, wakiwa na mizani na mfuko, wakiwauliza kina bibi kama wana shaba au fedha ya zamani. Wanapewa pete, bangili na sarafu zilizotobolewa, wanalipa pesa ya mboga, wanakwenda zao. Nasema wazi: biashara hii inatunyang'anya historia, na sisi tuliosoma tunaitazama tu.

Vitu hivyo vina asili. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamebanwa na vita, walipiga sarafu zao huko Tabora: heller za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Baadhi ziligeuzwa vidani. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wetu wa K.A.R. walipelekwa Ceylon, na mwaka 1944 wakapigana Burma. Nimeonyeshwa pete iliyofuliwa kutokana na rupia ya India, askari akamletea mchumba wake. Wengi wao hawakujua kuandika. Pete ndiyo ilikuwa barua.

Wapo watakaosema kumbukumbu ya vita tunayo: Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu 1927. Ni kweli, lakini sanamu ile inamsifu mwenye bunduki. Mwanamke aliyebaki akilima mihogo, akilea, akisikiliza uvumi wa vifo, amejengewa nini? Ushahidi wake ni kile kipete tu. Nayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863. Pete ya Burma haimo.

Mwingine atasema, bibi anataka sukari, hali historia. Sawa, simlaumu bibi. Namlaumu mjukuu mwenye mshahara, anayeona pete inapimwa kwa gramu na haulizi ilivaliwa na nani. Sonara akishaiyeyusha, hakuna awezaye kuirudisha.

Walimu wenzangu, hatuhitaji kungoja Serikali. Kila shule ifungue daftari moja. Watoto waende nyumbani waulize: nani alitoa, nani alipewa, vita gani, je, alirudi? Waandike, wachore. Anayelazimika kuuza, auze. Lakini jina la bibi yake libaki limeandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari.