Oman: watumishi wa serikali na msimu wa kungoja nyongeza

Kila unapokaribia mwezi wa Novemba, mazungumzo katika mabaraza ya Ibra, Sur na Nizwa huelekea upande mmoja. Je, mwaka huu Sultani atatangaza jambo? Kuna wanaotaja nyongeza ya mshahara, na wengine husema itakuwa malipo ya mara moja, mshahara wa mwezi mmoja juu ya ule wa kawaida. Uvumi hupita kutoka simu hadi simu, hukanushwa, kisha hurudi tena unapowadia mwezi wa Januari, siku ya kuadhimisha kushika madaraka kwa Sultan Haitham bin Tariq.

Neno wanalolitumia ni "makrama". Msikilizaji wa Kiswahili halioni geni, kwani shina lake ni lile lile la ukarimu, na la takrima, neno lililowahi kuzusha kesi mahakamani Tanzania mwaka 2006 kwa sababu ya uchaguzi. Huko Oman makrama ni kitu anachotoa mtawala kwa raia zake kwa hiari yake. Na hapo ndipo lilipo tatizo la wanaongoja: kinachotolewa kwa hiari hakina tarehe.

Mikoa hii haina kiwango kimoja cha utajiri na Maskati. Dakhiliyah, ambayo makao yake ni Nizwa, ni nchi ya ndani ya milima, mitende na mifereji ya falaji. Sharqiyah ni mashariki, na tangu mwaka 2011 imegawanywa mara mbili, Kaskazini yenye makao Ibra na Kusini yenye makao Sur. Sur ina kiwanda cha gesi asilia cha Qalhat, kilichoanza kusafirisha gesi mwaka 2000, na karibu yake kiwanda cha mbolea. Lakini viwanda vya aina hiyo vina mitambo mingi kuliko watu. Nyumba nyingi za mikoa hii zinasimama kwa mshahara wa serikali: wa mwalimu, muuguzi, askari polisi, mwanajeshi, au karani wa wizara anayefanya kazi Maskati siku tano na kurejea kwao Alhamisi jioni.

Utegemezi huo una historia yake. Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali. Hapakuwa na watu wa kutosha waliosoma wa kuendesha wizara, hospitali na ofisi za posta. Miongoni mwa walioziba pengo hilo walikuwa Waomani wa Afrika Mashariki, waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964 au waliofuata baadaye kutoka Kenya, Tanganyika, Burundi na Rwanda. Walijua Kiingereza, wanawake wao walikwishazoea kazi za ofisi na ualimu, na serikali mpya iliwahitaji. Majina ya al-Harthy na al-Barwani, yanayotajwa Ibra na vijiji vyake, au al-Riyami na al-Kindi wa upande wa Nizwa, yalikuwa yakisikika Mji Mkongwe miaka mingi kabla ya kusikika katika wizara za Maskati.

Kwa hiyo mshahara wa serikali ya Oman haujaishia Oman. Sehemu yake imekuwa ikivuka bahari kwenda Unguja, Pemba, Mombasa na kwengineko, kwa ada ya skuli ya mtoto wa ndugu, matibabu ya shangazi au paa la nyumba ya zamani. Mtu wa Wete anayesikia kwamba mishahara ya Waomani imepanda au haikupanda, huenda habari hiyo inamhusu kuliko anavyodhani.

Miaka ya neema

Waliozoea kungoja hawakuzoea bure. Februari 2008, wakati bei ya mafuta ilipokuwa ikielekea dola 100 kwa pipa, Sultan Qaboos aliamuru mishahara ya watumishi wa umma iongezwe kwa kiasi cha kuanzia asilimia 5 hadi 43, na daraja za chini ndizo zilizopata kiwango kikubwa zaidi. Sababu haikuwa utajiri peke yake. Riali ya Oman imefungamanishwa na dola ya Marekani, na thamani yake haijabadilishwa tangu 1986. Dola ilipodhoofika mwaka 2007, riali ilidhoofika pamoja nayo, na mchele wa India na bidhaa nyingine za kutoka nje zikapanda. Mfumuko wa bei wa mwaka 2008 ulivuka asilimia 10, jambo ambalo Waomani wengi hawakuwahi kuliona. Juu ya hayo, watu wa Sur walikuwa bado wanakarabati nyumba walizoharibiwa na kimbunga Gonu cha Juni 2007.

Zaidi ya hayo, majirani walikuwa wamekwisha kutangulia. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa umewaongezea watumishi wake wa serikali kuu asilimia 70 kuanzia Januari 2008. Kwa familia za Sharqiyah na Dakhiliyah, ambazo kwa miaka mingi vijana wao walijiunga na polisi na jeshi la nchi hiyo jirani, ulinganisho huo haukuhitaji gazeti. Ulifanywa nyumbani, ndugu wawili wakilinganisha hati zao za mshahara.

Kisha ukaja mwaka 2011. Maandamano yaliyoanzia Tunisia na Misri yalifika Sohar mwezi wa Februari, ambako damu ilimwagika, na mikusanyiko ikafanyika pia Maskati, Salalah na Sur. Wengi wa waandamanaji hawakutaka kumwondoa Sultani. Walitaka kazi, mishahara na mawaziri wasiotuhumiwa. Majibu yalikuja kwa haraka: nafasi 50,000 za kazi, riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta ajira, kima cha chini cha mshahara wa Muomani katika sekta binafsi kupandishwa kutoka riali 140 hadi 200, na mawaziri kadhaa kuondolewa. Nchi za Ghuba ziliahidi kuipatia Oman dola bilioni 10 kwa muda wa miaka kumi. Qatar, isiyokuwa na maandamano yoyote, iliwaongezea watumishi wake raia asilimia 60 Septemba mwaka huo huo.

Oktoba 2013 walimu wa Oman waligoma kwa wiki kadhaa. Mwezi uliofuata ikatolewa amri ya Sultani ya kuwa na jedwali moja la daraja na mishahara kwa watumishi wote raia wa serikali, kuanzia Januari 2014. Kabla ya hapo, watu wawili wenye shahada moja na miaka sawa kazini waliweza kulipwa tofauti kwa sababu tu mmoja yumo katika wizara na mwingine katika mamlaka yenye sheria zake. Kwa walio wengi jedwali jipya lilimaanisha nyongeza, na kwa baadhi yao nyongeza kubwa.

Wakati huo huo bei ya mafuta ilikuwa juu ya dola 100. Kabla ya mwaka 2014 kwisha, ilikuwa imeporomoka.

Miaka ya ukame

Mwanzoni mwa 2016 pipa liliuzwa kwa chini ya dola 30. Oman haina akiba ya mafuta kama ya Kuwait au Abu Dhabi, na kuyachimba ya kwake kuna gharama kubwa zaidi. Nakisi ya bajeti ya mwaka 2015 na ya 2016 ilihesabiwa kwa mabilioni ya riali. Ruzuku ya petroli iliondolewa Januari 2016. Mishahara haikukatwa, na hilo lapaswa kusemwa kwa haki, lakini kupandishwa daraja, ambako kwa mtumishi wa kawaida ndiko kunakoleta nyongeza ya maana, kulisimama au kucheleweshwa. Ndipo lilipozaliwa lile zoezi la kuwaita watu kwa miaka yao: "watu wa 2010", "watu wa 2011", "watu wa 2012", yaani mwaka ambao ukongwe wao katika daraja unahesabiwa. Mwalimu wa Nizwa wa kundi la 2011 au 2012 ilimbidi angoje hadi miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultan Haitham, aliyemrithi Qaboos Januari 2020, ndipo zamu yake ifike.

Katika muda huo watoto walizaliwa, nyumba zikajengwa na mikopo ya benki ikachukuliwa kwa kutegemea daraja ambalo lilikuwa bado halijafika. Wanaodhani kwamba mtu anayengoja makrama anangoja anasa wanasahau jambo hili. Mara nyingi fedha hiyo imekwisha kutumika.

Mwaka 2020 uliongeza mzigo. Bei ya mafuta ilianguka tena kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na serikali iliamua kuwastaafisha wengi wa waliotimiza miaka 30 au zaidi kazini. Miongoni mwao walikuwamo wale wale waliotoka Afrika Mashariki, au watoto wao, walioajiriwa wakati nchi ilipokuwa na haja ya kila ajuaye kusoma. Aprili 2021 ikaanza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mwezi uliofuata vijana walirudi barabarani Sohar na miji mingine, na Sultani akaamuru zitengenezwe nafasi za kazi zisizopungua 30,000.

Tanzania na Oman

Msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma ataona mengi anayoyajua. Naye alingoja miaka kadhaa katika utawala wa Rais John Magufuli bila nyongeza ya jumla. Mei Mosi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliwadokeza wafanyakazi kwamba jambo lao lipo, na wiki mbili baadaye ikatangazwa asilimia 23.3. Wengi walipotazama mishahara yao ya Julai walishtuka: kiwango hicho kilikuwa cha kima cha chini, na waliokuwa juu yake walipata kidogo mno. Ni mkanganyiko ule ule wa Oman ya 2008, ambako kila mtu alisikia 43 na wengi wao hawakuwamo katika 43. Mei Mosi ya 2025 kima cha chini cha Tanzania kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000.

Tofauti ni kwamba Tanzania ina siku maalumu na ina vyama. Shirikisho la wafanyakazi husimama mbele ya Rais likasoma risala, hata kama majibu hayaridhishi. Oman iliruhusu vyama vya wafanyakazi mwaka 2006, lakini kwa sekta binafsi tu. Mwalimu na karani wa wizara hawana meza ya mazungumzo, hawana risala, wala hawana wa kumuuliza. Hawajui ombi lao liko katika faili gani. Pahala pa mazungumzo hapo hujazwa na uvumi, na wizara hulazimika kukanusha habari ambazo haikuzitoa.

Hoja ya serikali nayo si nyepesi. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2022 Oman ilipata ziada, lakini ilichagua kulipa deni. Deni la taifa, lililofikia takriban riali bilioni 20 katika miaka ya Covid-19, lilishuka chini ya bilioni 15 mwishoni mwa 2024, na Septemba mwaka huo shirika la Standard & Poor's liliirejesha Oman katika daraja la nchi zinazofaa kwa wawekezaji. Bajeti ya 2025 bado iliandikwa kwa nakisi ya riali milioni 620, ikikisia pipa kuwa dola 60. Nyongeza ya mshahara ikishatolewa haiondoki, ilhali mafuta huondoka. Ndiyo maana malipo ya mara moja huwapendeza zaidi wakuu wa hazina, na ndiyo maana watumishi wenye mikopo ya miaka kumi hawayataki sana, ingawa hawatayakataa.

Kuna pia wafanyabiashara. Tangazo la 2008 na yale ya 2011 yalifuatwa na malalamiko kwamba bei na kodi za nyumba zilipanda kabla ya mshahara mpya kuingia benki, na mwaka 2011 Oman ikaunda mamlaka ya kuwalinda walaji. Isitoshe, kila jedwali la serikali linapopanda, Muomani aliyeajiriwa na kampuni huanza kutafuta njia ya kuingia serikalini, kinyume kabisa na mpango wa nchi wa kuwapeleka vijana sekta binafsi. Huko kima cha chini kimekuwa riali 325 tangu Julai 2013.

Badala ya makrama kwa wote, serikali ya Sultan Haitham imeelekea kwenye mambo mawili mengine. La kwanza ni mfumo wa kupima utendaji wa kila mtumishi, uitwao Ijada, ambao humpa zaidi aliyefanya vizuri. Wengi wanalalamika kwamba mkuu wa idara ndiye anayeamua nani amefanya vizuri. La pili ni sheria ya hifadhi ya jamii ya Julai 2023. Tangu Januari 2024 kila mtoto wa Kiomani anastahili riali 10 kwa mwezi, na mzee aliyetimiza miaka 60 riali 115. Kwa nyumba ya Ibra yenye watoto sita na bibi mmoja, hiyo ni riali 175 kila mwezi, na hazitegemei sikukuu wala bei ya mafuta ya wiki hiyo. Huenda mageuzi haya ni makubwa kuliko nyongeza yoyote iliyotangulia. Lakini muuguzi asiye na mtoto wala mzee hapati kitu humo, na yeye pia hulipa ile asilimia 5 dukani.

Juni 2025 ikatolewa sheria ya kodi ya mapato, ya kwanza katika nchi za Ghuba, itakayoanza Januari 2028. Inawahusu wenye kipato cha zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, yaani 3,500 kwa mwezi, kiwango ambacho mwalimu wa Sur hakioni hata kwa mbali. Hata hivyo sheria hiyo ilizungumzwa sana mabarazani, na swali lililoulizwa lilikuwa moja: ikiwa serikali itaanza kuchukua kutoka kwa watu, je, bado itakuwa ile inayotoa?

Tangu 2025 Siku ya Taifa imehamishwa kutoka Novemba 18 hadi Novemba 20. Bajeti hutangazwa siku za mwanzo za Januari, na Januari 11 ni siku ya Sultani kushika madaraka. Kati ya tarehe hizo, mishahara ya kawaida huingia benki mwishoni mwa mwezi kama kawaida.