Mgagani kwa Ndimu, Chai Baadaye

Huku kwetu pwani mgagani ni gugu. Ukiota karibu na mlango hung'olewa ukatupwa. Mmea uo huo huko Kisii na Nyamira waitwa chinsaga, nao ndio mboga ya mzazi. Mwanamke akishajifungua hupikiwa, hutiwa maziwa ya kupunguza uchungu wake, na wazee husema yarudisha damu.

Wazee hao hawakubuni. Wataalamu wamelipima jani hilo wakakuta madini ya chuma, vitamini A na C, na dawa ya asili iitwayo glukokaparini. Hata kupe huukimbia mmea huu. Utafiti uliofanywa hapa Kenya ulichapishwa mwaka 1992. Nasi chuoni tulifunzwa kuwa kila maradhi yana dawa yake, kisha twatoka na jembe kuifyeka!

Lakini nina neno, na ndugu zetu wa Kisii wasinikasirikie. Milima yao hutoa chai nzuri, na chai ina tanini, ambayo huyashika yale madini tumboni yasiingie mwilini. Basi mzazi akilishwa chinsaga huku akimiminiwa chai, mkono mmoja wampa na wa pili wampokonya. Kuichemsha mboga mno nako huiua vitamini C, msaidizi wa chuma. Hapa ndipo ndimu zetu zifaapo: ikamuliwe sahanini, si chunguni, na chai ingoje saa moja au mbili.

Vidonge vya kliniki navyo visiachwe. Mama aliyepungukiwa na damu hatoshwi na mboga peke yake.